Matabisi ya Mwalimu wa Sabuni

Wapo watu ambao ujinga wao huomba huruma, na wapo ambao ujuzi wao ndio huwatia hatiani. Mwalimu wa sabuni alikuwa wa kundi la pili. Nilimfahamu kwa miaka tisa, nikamsikiliza zaidi ya alivyostahili, na kwa muda wote huo sikuona haja ya kujua alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Kila mtu alimwita Mwalimu, naye aliitika kabla neno halijafika mwisho.

Alifundisha Jumamosi, saa tatu kamili asubuhi, katika chumba kilichokuwa nyuma ya nyumba ya fundi cherehani mmoja huko Mururu. Wanafunzi wake walikuwa akina mama. Wengine walitoka Gashonga kwa pikipiki, wengine Kamembe kwa miguu, na mmoja, mtu wa Rwimbogo, alikuja na kiti chake mwenyewe kwa kuwa hakuamini viti vya watu. Dada yangu mdogo alikuwa miongoni mwao. Mimi nilimsindikiza kwa sababu ya uzito wa madumu ya mafuta, kisha nikawa nabaki: mwanzoni kwa adabu, baadaye kwa hasira.

Alivaa koti jeupe la maabara, ambalo mfukoni lilikuwa limedariziwa jina la mtu mwingine. Siku moja yule mama wa Rwimbogo alimwuliza wazi mbele ya wote, "Mwalimu, huyu wa ku koti ni nani?" Akajibu bila kutikisika, "Ni ule aliivala mbele miye niivale." Wakacheka, naye akacheka pamoja nao, na somo likaendelea. Hakuwa mtu wa kuaibika haraka, na mtu asiyeaibika haraka huchelewa pia kujirekebisha.

Mezani pake palikuwa na mizani ndogo ya betri, iliyoweza kupima hata gramu moja. Aliifunga kwa kipande cha kitenge. Kila kundi jipya lilipoanza, alifunua ncha ya kile kitambaa kama mzazi anayeonyesha mtoto mchanga kwa wageni, akasema, "Hii njo balansi ya kweli," kisha akaifunika tena. Kazi yenyewe ilifanywa kwa mizani ya mshale, ile ya sokoni, ambayo mshale wake ulitetemeka hata mtu alipopiga chafya. Sikuwahi kuiona ile ya betri ikiwashwa.

Ni lazima niseme alichokijua, maana bila hicho dharau yangu haitaeleweka. Alijua asilimia kuliko mtu yeyote niliyepata kukutana naye katika wilaya hii, wakiwamo wenye vyeti. Aligawa karatasi moja yenye kanuni ya sabuni ya kufulia na kuogea: mafuta ya mawese sitini na nane kwa mia, soda kostiki tisa kwa mia, maji ishirini na tatu kwa mia. Aliwaonyesha kwamba tarakimu hizo si gramu wala kilo, bali ni mafungu ya chungu kizima, chungu kiwe kidogo au kikubwa, na kwamba mafungu yote yakijumlishwa ni lazima yafike mia, yasizidi wala kupungua. Ukitaka kilo ishirini za sabuni, unazidisha kila fungu kwa ishirini na kugawanya kwa mia: mafuta kilo kumi na tatu na gramu mia sita, soda kilo moja na gramu mia nane, maji kilo nne na gramu mia sita. Hesabu hizo alizifanya kichwani huku akifuta ubao.

Mama mmoja wa Gashonga alipoandika gramu tisa za soda kwa kilo ishirini, kwa kudhani kwamba tisa ni tisa popote, Mwalimu alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Maman! Unapikia harusi nzima na chumvi ya yai moja?"

"Sasa Mwalimu, si karatasi imesema tisa?"

"Imesema tisa kwa mia. Bantu mia bakikuya kwako, bantu tisa banakula nyama. Bakikuya mia mbili, ni bangapi?"

"Kumi na munane."

"Njo ile! Soda nayo ni muntu, inafuata kundi yake."

Yule mama hakukosea tena. Nakiri kwamba sikupata kusikia maelezo yaliyo bora kuliko hayo, nami nimesimama mbele ya darasa kwa zaidi ya miaka ishirini.

Basi, mtu huyo huyo, akiisha kuandika tarakimu sahihi ubaoni na kuipigia mstari, aligeuka kwenye sufuria na kuivunja kanuni yake. Alipima soda hadi mshale usimame mahali pake, akaimimina katika maji, kisha akarudisha mkono wake wenye glavu katika mfuko wa soda, akatoka na kiganja kilichojaa, akakitupia humo. "Na hii ni matabisi," akasema.

Kwetu huku, na ng'ambo ya mto wa mpakani pia, hakuna asiyejua matabisi. Mama muuza maharage akiisha kusawazisha kipimo chake, huongeza kiganja kimoja juu yake bila kudai kitu; asipoongeza, mnunuzi hubaki ameshikilia mfuko wazi na kuuliza, "Na matabisi?" Ni desturi nzuri. Ndiyo inayomrudisha mteja, na ndiyo humfanya maskini ajione kuwa amepewa, si kuuziwa tu. Nimekula maharage mengi ya matabisi utotoni mwangu, wala siyatukani. Lakini desturi ina mahali pake, kama viatu. Mwalimu aliichukua ile ya sokoni akaiingiza ndani ya chungu, kwa imani kwamba kipimo kilicho sawasawa ni kipimo cha bahili. Kila kitu alikiongezea: kila kilo kumi kiganja cha soda, na kila kilo kumi bakuli la mafuta.

Nilimhoji mara ya kwanza alipofanya hivyo mbele yangu.

"Mwalimu, umesema mafungu ni lazima yafike mia, yasizidi. Mia ukiiongezea inakuwa nini?"

"Inakuwa mia yenye roho nzuri, Mzee."

Akina mama walipiga makofi. Nilitambua hapo kwamba nilikuwa nabishana na mtu aliyekwisha kushinda, kwa kuwa watu hupenda zaidi jibu tamu kuliko jibu la kweli. Aliongeza mithali yake aliyoipenda, kwamba kutoa ni moyo, na nyingine aliyojitungia mwenyewe: "Mukono hauna bongo," yaani hausemi uongo. Mizani inaweza kuharibika, alisema, betri inaweza kwisha, lakini mkono wa mtu uliozoea kazi hutoa kiasi kilekile leo na kesho.

Alikuwa hivyo hata katika mafuta ya kupaka. Alifundisha mafuta ya uso ambayo manukato yake hayakutakiwa kuzidi moja kwa mia. Kwa kilo moja, gramu kumi. Alizipima gramu kumi, nami nilimwona, kisha akaongeza kizibo kimoja kilichofurika. "Harufu haiko kintu ya kunyima," alisema. Mke wa karani mmoja wa Kamembe aliyapaka mafuta hayo Jumamosi jioni, na Jumapili akaingia kanisani amejifunga kitenge hadi puani katika jua la saa nne. Alipolalamika, Mwalimu alimwambia kwamba ngozi yake ilikuwa haijazoea vitu vizuri. Aliyekuwa na vipele ndiye aliyeomba radhi! Kwa siku kadhaa nilitafuta neno la kuita kipaji cha namna hiyo, nikakosa lililo la heshima.

Hakuwa mwongo katika mambo mengine. Hakunywa, hakuchelewa, hakusema amefika mahali ambako hakufika. Alisalimia kila mtu kwa mikono yote miwili, mkubwa na mdogo, na kwa sababu hiyo kutoka langoni hadi kwenye ubao wake alichukua robo saa. Alikuwa wa kwanza kuwaambia akina mama wale, ambao wengi wao waliacha shule mapema, kwamba hesabu haina masharubu. Dada yangu alilinukuu neno hilo katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Nayaandika haya kwa kuwa ni kweli, si kwa kuwa yanampunguzia hatia. Tabia njema zikikusanyika kuzunguka kosa moja hulilinda kama ua, na hakuna anayethubutu kuuvuka.

Mtu atauliza kwa nini sabuni yake haikuwaunguza watu kwa miaka hiyo yote. Nami niliuliza, kwa maana ilinichukiza kumwona akifaulu. Jibu ni rahisi. Soda ya ziada ilikuta mafuta ya ziada. Kiganja kililiwa na bakuli, na ukarimu wake mmoja ukaficha madhara ya mwingine. Alikuwa kama mtu anayetembea gizani akiwa na bahati, kisha akawafundisha wengine kwamba taa ni upuuzi.

Bahati hiyo iliisha katika mwezi ambao mafuta ya mawese yaliadimika.

Dada yangu wakati huo alikuwa amebaki na watoto watatu na sufuria moja. Mwalimu mkuu wa chekechea moja ya Gashonga alikuwa amemwahidi kwamba, akileta sabuni nzuri ya kunawishia watoto mikono kabla muhula haujafunguliwa, atakuwa ndiye mletaji wake mwaka mzima. Alitaka kilo ishirini. Dada yangu aliweza kuipika peke yake, maana alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote. Lakini kwa heshima, na kwa hofu ya kuharibu, alimwita Mwalimu aje kusimamia. Hilo ndilo kosa lake pekee, na ni kosa la mtu mwenye adabu.

Mwalimu alikuja. Siku hiyo alipima mafuta hadi tone la mwisho, akachota kikombe kidogo kilichozidi na kukirudisha katika dumu. "Leo mafuta tuiheshimu," alisema. Bakuli la matabisi halikuonekana. Soda, ambayo haikuadimika, ilipata matabisi yake kama kawaida, viganja viwili kwa kilo ishirini. Nimesoma daftari la dada yangu la siku hiyo: "Mafuta 13 na gramu 600. Maji 4 na gramu 600. Soda 1 na gramu 800, na viganja viwili." Mstari huo wa mwisho ndio wasifu kamili wa Mwalimu wa sabuni. Moyo wake wa kutoa ulikuwa na masikio, na masikio hayo yalisikiliza bei.

Siku ya kumi dada yangu aligusa kipande cha sabuni kwa ncha ya ulimi, kama wapika sabuni wote wanavyofanya. Akaruka. Akagusa kingine, cha upande wa pili wa boksi. Alimtumia Mwalimu ujumbe, naye akaja na akina mama watano kutoka darasani, maana aliona kwamba hilo ni somo.

"Mwalimu, hii sabuni iko nauma ulimi," dada yangu alisema.

"Ulimi yako njo kali, haiko sabuni."

"Njo ujaribu yako."

"Maman, sabuni hailiwaka. Inaoshaka."

Wakacheka. Akakunja mikono ya lile koti hadi viwikoni, akaomba beseni, akajisugua kwa kipande kile mbele yetu sote. Alisugua polepole, akapaka povu hadi juu, akakaa nalo huku akizungumza juu ya imani. Kisha akasuuza, akainua mikono hewani.

"Munaona kidonda?"

Hawakuona, nami sikuona. Dada yangu ndiye pekee ambaye hakupiga makofi.

"Mwalimu, miye sitapeleka hii kwa batoto," alisema. "Uniambie tu kintu moja. Viganja vyako ni gramu ngapi? Nikijua, nitaongeza mafuta yenye kutosha, niipike upya."

"Ni kiasi ya mukono."

"Mukono ni gramu ngapi?"

"Mukono ni mukono."

Akashusha mikono ya koti akaondoka, na akina mama wakamfuata. Dada yangu alibaki ameshika daftari. Nilimwambia atupe vyote shimoni. "Nitupe, Yaya?" alisema, akiniita kama tunavyomwita kaka mkubwa. "Chekechea inafunguka kisha juma mbili. Mafuta ingine natoa wapi?" Kosa lililopimwa husahihishwa, lakini lile lisilopimwa hukaa tu ndani ya chungu na kukutazama. Kipimo cha kosa hilo hakikuwa mahali pengine popote ila katika mkono wa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na kiburi.

Jumapili nilimwona uani pa kanisa. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote. Watu walimnyoshea mkono, naye akawainamia akiwa ameficha yake mifukoni. Yeye aliyekuwa akisalimia kwa yote miwili hata wachuuzi wa karanga. Nilijua. Sikumwendea. Nilifurahi, na sitaomba msamaha kwa furaha hiyo.

Alhamisi iliyofuata, mchana, pikipiki ilisimama mbele ya nyumba ya dada yangu huko Mururu. Mwalimu alishuka bila koti jeupe, akiwa amekumbatia lile furushi la kitenge. Dada yangu alisema, "Karibu, Mwalimu," naye hakunyosha mkono. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imebambuka kama ganda la kitunguu.

"Lete soda," alisema. "Na bakuli yenye kukauka."

Akafungua kitenge. Karatasi ya plastiki iliyotoka nayo kiwandani bado ilikuwa imegandamana na kioo cha ile mizani. Akaitia betri mpya alizokuja nazo mfukoni, akavaa glavu kwa shida, akachota kiganja kama alivyozoea, akakimimina katika bakuli. Mizani ikasema tisini na sita.

"Ni hiyo," alisema dada yangu, akishika kalamu.

"Ngoja." Akairudisha katika mfuko wa soda, akachota tena. Mia moja thelathini na moja.

Alichota mara ya tatu, taratibu, akautazama mkono wake wakati wote kama unavyomtazama mtumishi uliyemshuku leo kwa mara ya kwanza. Mia moja kumi na nne.

"Fanya ingine," nilisema, na sauti yangu haikuwa na upole.

"Hapana, Mzee. Mukono umekwisha kusema." Akamgeukia dada yangu. "Andika ile mukubwa. Mara mbili. Mafuta ikizidi, sabuni italegea tu. Soda ikizidi, unaona mwenyewe."

Gramu mia mbili sitini na mbili za soda, basi. Kwa kanuni yake, kila gramu tisa za soda zinadai gramu sitini na nane za mafuta. Nilikuwa ningali nazidisha pembeni ya daftari aliposema, akiwa amefumba macho, "Kilo mbili, kasoro gramu makumi mbili." Nilimaliza hesabu yangu, nikaona ni hivyo hivyo. Sijui kama nimewahi kumdharau mtu kwa nguvu kama nilivyomdharau kwa jibu lile sahihi. Alikuwa nalo siku zote!

Mafuta hayo hayakutoka kwake. Dada yangu aliingia jikoni, akaleta dumu alilokuwa ameliweka kwa maharage ya watoto wake, akayapima kwa mizani ya betri hadi gramu ya mwisho. Mwalimu alikwangua sabuni yote kwa mikono ile yenye vidonda ndani ya glavu, akakoroga sufuria hadi jua likashuka, hakutoa mithali hata moja.

Kabla muhula haujafunguliwa alirudi, naye ndiye aliyetangulia kugusa sabuni kwa ulimi. Alikaa nayo kitambo. "Imelala," alisema. Ilikuwa laini kidogo, rangi ya ugali wa muhogo, na haikuuma. Kesho yake ilikwenda Gashonga, na mkuu wa chekechea alijiosha nayo mbele ya dada yangu kisha akaandika jina lake katika kitabu cha mwaka.

Lakini nimetangulia mbele. Siku ile ya kuionja sabuni, akiwa anaondoka, Mwalimu aliomba kununua kilo moja kwa ajili ya nyumba yake. Dada yangu alikata vipande, akaviweka kwenye ile mizani ya betri, ambayo Mwalimu alikuwa ameiacha pale bila kusema kama ameitoa au ameisahau. Alipunguza kijipande, akakirudisha nusu, hadi tarakimu zikasimama kwenye elfu moja kamili. Akavimimina katika mfuko.

Mwalimu hakuufunga. Aliendelea kuushikilia wazi mbele yake kwa vidole vile vyenye makovu mapya, kama mama aliye sokoni.

"Na matabisi?" aliuliza.

Dada yangu alikuwa amekwisha kuanza kufuta meza.

"Iko mule ndani, Mwalimu. Ulikwisha kuitia weye mwenyewe."